Waimbe Mpaka Wajibiwe

Siku ilipozaliwa ile kanuni ya mto, tuliokuwa chumbani ni hawa. Alikuwapo Afisa Elimu, Bwana Elias Sayi, mtu wa Lamadi, ambaye mama yake na mama yangu walianika dagaa pamoja wakiwa wasichana. Alikuwapo Diwani, Bwana Luhende, mkulima wa pamba, mtoto wa baba mdogo wa marehemu mume wangu, kwa hiyo shemeji yangu, na ndiyo maana alikuwa ananitania hata mbele za wakubwa. Alikuwapo Mzee Gamaya, mwenyekiti wa kamati ya shule ya Ng'wamashilu na mkubwa wa sungusungu, ulinzi wa jadi, wa hapo kijijini. Alikuwapo Mwalimu Suzana, mwalimu mkuu wa shule hiyohiyo, binti wa Mkula, mtoto wa kanisani, aliyeolewa na mtoto wa kaka yake Mzee Gamaya. Yaani Mzee alikuwa mkwe wake. Shikeni hilo, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo. Alikuwapo Debora, mpiga taipu, ambaye hakuwa na undugu na mtu yeyote pale lakini sisi tulimfanya ndugu. Na mimi Holo, Mama Kulwa, mhudumu wa ofisi, nimeshika birika.

Nyie vijana mliopo idarani sasa mmeniomba niandike habari za kazi. Naandika. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, na yaliyobaki nikayapata kwenye ngumbaru, kwa hiyo herufi zangu ni kubwa na zinapanda kilima. Vyeo sitaviandika. Niliingia mhudumu, nikatoka mhudumu. Nilistaafu mara ya kwanza wakanirudisha kibarua kwa sababu chai ilikuwa imeharibika, na sasa magoti yamekataa, basi nimestaafu kweli.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Malimi, mhudumu wa zamani, mrefu, mwenye kikohozi. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha ufagio wala stoo. Alinisimamisha mlangoni mwa chumba cha mikutano akasema, "Binti, humu watu wanakuja na hasira zao kutoka mbali. Angalia nani kakunja uso, huyo mpe chai kwanza. Mtu hawezi kumeza na kugomba kwa wakati mmoja." Baada ya hapo akanipeleka kwenye mashine ya kurudufia. Ilikuwa na mpini wa kuzungusha na wino mweusi wa kutia kwa kopo. Karatasi ya stensili ukiitandika ikiwa na mkunjo, waraka mzima unatoka na mstari kama kovu. Niliuzungusha ule mpini mpaka jioni, viganja vikachubuka vikatoa damu. Nilipofika nyumbani mama mkwe akaniangalia mikono akauliza, "Mayu," ndiyo mama kwa lugha yetu, "huko serikalini wanachinja?"

Miaka ile ya mwanzo nyaraka zilikuwa zinakuja kutoka juu, sisi tunazirudufu, zinakwenda shuleni, zinabandikwa ukutani, mchwa wanasoma. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Wazee wenzangu wanakumbuka. Zamani pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja na gari lake moja linalokuja likijisikia. Mara ghafla wakaja wanunuzi binafsi, kampuni hii na kampuni ile, kila moja na mizani yake na malori yake, yanashindana kuwahi vijiji. Mitumba ikaja, redio za kanda zikaja, vibanda vya video vikaja hadi karibu na shule. Sisemi vilikuwa vibaya. Mimi mwenyewe gauni langu la Krismasi lilikuwa mtumba, na lilidumu kuliko hata mume. Lakini watoto wa shule walianza kudandia malori. Lori limejaa pamba mpaka juu, nyuma limening'iniza watoto kama popo. Mtoto mmoja wa kule Kimali, jina lake Sitta, alianguka akavunjika mguu. Alipona, ila anachechemea hadi leo, na ana duka.

Ndipo akaja Bwana Sayi. Nataka kumsifu na sitaona haya. Maafisa wengine wangeandika waraka wa kukataza, basi. Yeye alikwenda kwenye mizani ya pamba akakaa na madereva, akanywa nao uji, akawauliza watoto wanadandia wapi. Wakamwambia, kwenye kilima, pale lori linapopanda polepole. Akarudi akaweka kanuni kwamba kwenye kile kilima saa ya kutoka shule asimame mwalimu wa zamu. Ikaisha. Na kila mwaka kabla ya mvua alikuwa anazitoa kanuni zote za usalama kabatini, anatuita, anauliza, "Hii mwaka huu ilifanya kazi gani?" Kanuni isiyo na jibu anaifuta kwa kalamu nyekundu, bila huruma, hata kama ameitunga mwenyewe. Debora alikuwa ananong'ona, "Leo tena anachinja watoto wake."

Sasa nije kwenye mto.

Shule ya Ng'wamashilu iko ng'ambo, juu ya majabali, na nyumba nyingi za kijiji ziko upande huu wa huku kwetu. Katikati kuna mto ambao kiangazi unauvuka bila kuvua viatu. Lakini mvua ikinyesha mbali huko ulikotokea, hapa jua linawaka, mnaanika udaga wa mihogo, na maji yanakuja. Wazazi na shule walikuwa wamekubaliana, na idara ikaandika, kwamba watoto wasicheleweshwe kutoka hata kidogo, maana wanakwenda kuwapokea wenzao ng'ombe na kuwanywesha. Ng'ombe kwetu hawasubiri.

Siku moja Mwalimu Suzana aliona maji yamebadilika rangi. Hakugonga kengele. Aliwazuia watoto wote wa upande huu, akawaingiza darasani, akachemsha mahindi ya shamba la shule. Muda si mrefu mto ulijaa kingo hadi kingo. Angewaachia, wangekuwa katikati.

Huku nyumbani hakuna aliyejua. Watoto hawakutokea. Wanaume wakashuka mtoni kuangalia, wakakuta mfuko wa madaftari umenasa kwenye kichaka, unaloa. Mwenye mfuko alikuwa ameuacha ukingoni mchana wakicheza, maji yakauchukua. Mfuko ulikuwa wa Ngolo, mjukuu wa Mzee Gamaya, mtoto wa mwanawe aliyekufa. Ikapigwa yowe, ile sisi tunaiita mwano, kijiji kizima kikatoka na kamba na mikuki. Walitafuta kwenye matope mpaka hawaoni kwa giza. Wanawake wakaanza kulia kilio chenyewe, cha msiba. Majirani wakaleta kuni na unga. Mzee Gamaya alikesha ukingoni amekumbatia ule mfuko.

Asubuhi maji yakapungua, na watoto wakaja kwa mstari, wameshiba, wanarushiana magunzi. Waliokuwa msibani wengine walikimbia kuwapokea, wengine walikimbia kuwakimbia. Na kucheka nacheka leo. Siku ile hakuna aliyecheka. Kumlilia mtu aliye hai kwetu ni jambo zito, ilibidi wachinje mbuzi na kuwaosha watoto kwa dawa.

Kesho yake Mzee Gamaya akapanda baiskeli mpaka Bariadi, ofisini kwetu. Alitaka Mwalimu Suzana ahamishwe, asilale tena pale. Diwani akamuunga mkono, maana kijiji kizima kilikuwa nyuma ya Mzee. Nilimsikia Bwana Sayi akimwambia Debora, "Nikimhamisha huyu, mvua ijayo mwalimu atakayekuja atawaachia watoto waingie majini, ili yeye asihamishwe. Nikimwacha, wazazi watawatoa watoto shule." Hakunywa chai yake siku hiyo. Nilijua ni makubwa.

Basi akawaita wote, na ndiyo siku ile niliyoanza nayo.

Mwalimu Suzana aliingia mwisho. Alipomwona mkwe wake amekaa, alipiga goti mlangoni akasalimu, "Mwangaluka baba," macho chini, kisha akakaa sakafuni kando ya kabati, amegeukia ukuta.

"Mwalimu, kiti hicho hapo," Afisa akasema.

"Hapa panatosha, Afisa."

Mzee Gamaya akaeleza yote, taratibu, bila kupandisha sauti, mfuko akiwa ameuweka magotini. Alipomaliza Afisa akasema, "Mwalimu, umesikia. Jibu."

Mwalimu akazidi kugeukia ukuta.

"Hana jibu," akasema Diwani.

Afisa akamwangalia Mwalimu, akamwangalia Mzee, akajipiga kofi la paji la uso. "Jamani, mimi nimekaa na mafaili mpaka nimesahau kwetu. Atamjibu vipi mkwe wake uso kwa uso?" Kisha akanigeukia. "Mama Kulwa, weka birika chini. Njoo ukae hapa katikati. Mwalimu atasema na wewe, wewe utasema na Mzee."

"Shemeji," Diwani akaniambia, "huu ni mkutano au tumekuja kuposa?"

"Tukiposa nitakuita ulete ng'ombe," nikamjibu, nikakaa.

Mwalimu Suzana akaniambia, sauti ya chini lakini kila mtu aliisikia, "Mayu, mwambie baba niliuona mto umebadilika rangi kabla ya saa ya kutoka."

Nikageuka. "Baba, Mwalimu anasema aliuona mto umebadilika rangi."

Mzee alikuwa amesikia vizuri, masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya kwangu. Lakini alingoja neno limfikie. Akasema, "Mwambie, mto naujua. Simlaumu kuwazuia. Angewaachia ningemlaumu zaidi, kama ningebaki na akili. Namlaumu kunyamaza. Watoto aliwatunza, sisi akatuzika."

Nikapeleka. Nikaona Afisa ameweka kalamu mezani. "Kumbe," akasema, "hatugombani kuhusu kuwazuia."

Watu wawili walikuwa na hasira wiki nzima, kijiji kimegawanyika, na hakuna aliyejua kwamba wanakubaliana. Nawaambia nyie vijana, mikutano mingi ni hivyo.

Mwalimu akaniambia, "Mwambie baba, nilikuwa na kile chuma cha kengele tu. Nikikipiga haraka haraka, ni mwano. Wanaume wote wangetoka mbio, maana asiyetoka anatozwa faini. Hakuna ambaye angesimama kuuliza. Wangeingia kwenye maji. Nilishika nyundo, mayu, nikaiweka chini."

Nilimpelekea Mzee maneno yote, hata lile la nyundo. Nikammiminia na chai, kama alivyonifundisha Bwana Malimi. Alikunywa mpaka nusu.

"Mwambie ni kweli. Tungeingia. Mimi ningekuwa wa kwanza."

"Basi wakubaliane apige polepole," akasema Diwani.

"Polepole ndiyo kengele ya kutoka, Mheshimiwa," akasema Debora bila kuinua macho, na tukacheka wote, hata Mzee, akaficha mdomo kwa kikombe.

Afisa akasema tupeleke mtu kila siku ya mvua kusimama ukingoni. Mzee akasema mtu gani, na mvua yenyewe haionekani? Diwani akasema bendera. Tukauliza, na giza likiingia? Tulizunguka hapo muda mrefu. Mimi nimekaa katikati kama kivuko, maneno yanapita kwangu yanakwenda na kurudi.

Kisha Mzee akaniuliza, kama vile si jambo kubwa, "Muulize, walipokuwa huko ndani, watoto walikuwa wanafanya nini?"

"Mayu, mwambie baba, wadogo walikuwa wanalia. Nikawaimbisha."

"Wakaimba?"

"Waliimba mpaka wakachoka. Nyimbo za kupalilia, na za kanisani."

"Muulize, wapi?"

"Darasani. Madirisha tuliziba kwa magunia kwa sababu ya baridi."

Mzee akaushika ule mfuko, akaukunjua, akaukunja. "Mwambie mkwe wangu," akasema, "angewaimbisha nje, juu ya jabali. Ngolo ana sauti ya kukwaruza kama ya marehemu baba yake. Ningeijua katika watoto mia. Ningekwenda kulala."

Nilitakiwa kugeuka nimwambie Mwalimu. Nilipogeuka nikamkuta amefunika uso kwa kanga. Nikayasema hivyohivyo.

Afisa akamwambia Debora andika. Akatamka kanuni ndefu, ya kiofisi, yenye "endapo" na "hatua stahiki". Akajisikia mwenyewe akasimama. "Hapana. Hebu tuipitishe kwa Mama Kulwa kwanza. Ikifika kwa Mzee na kurudi kwa Mwalimu ikiwa nzima, ndiyo tunaiandika." Akaikata. Ikapita, ikarudi haina mkia. Akaikata tena. Mwalimu Suzana ndiye aliyeifunga. Alisema, "Mwambie baba, wakiimba wasijibiwe, watoto watajuaje kwamba nyumbani wamesikia? Nao watakesha." Mzee akatikisa kichwa kukubali, na hapo Debora akapiga taipu:

Mto ukijaa, watoto wasivuke. Wasimame juu ya jabali waimbe mpaka wajibiwe.

Tangu siku hiyo Bwana Sayi hakuandika kanuni bila kuipitisha mdomo kwa mdomo. Alikuwa anaita mtu yeyote, dereva, mlinzi, mzazi aliyekuja na shida zake nyingine kabisa. Wenzake wa wilaya za jirani walimcheka. Kanuni zake zilijulikana na watoto kwa kichwa, na za kwao zilijulikana na mchwa.

Diwani alipokuwa anavaa kofia akauliza, "Na ile habari ya kuhama, Mzee?"

Mzee Gamaya alifikiri. "Afisa, tuone mvua. Wakiimba, abaki. Wasipoimba, mimi nitarudi na baiskeli."

Kwa hiyo Mwalimu Suzana alirudi kazini na nafasi yake ikining'inia juu ya wingu. Niliambiwa na mwalimu mwenzake kwamba aliwafundisha watoto kuimba nje kila Ijumaa, kiangazi chote, mpaka wachunga ng'ombe wakawa wanajibu kwa utani.

Mvua zilipoanza, mwongozo mpya wenye kanuni zetu ulikuwa umekamilika, na mimi nimeuzungusha kwa mpini wangu bila kovu hata moja. Afisa akataka kuupeleka Ng'wamashilu mwenyewe, akanichukua, akasema mimi ni sehemu ya kanuni. Tulikwenda na Landrover ya idara. Tulipofika mtoni tulikuta maji yamefika mapema kuliko sisi, ya rangi ya kahawia, yanabeba matawi. Watu walikuwa wamesimama ukingoni, akina mama wamejifunga kanga viunoni, wanaume na kamba. Hakuna aliyepiga yowe. Walikuwa wanasikiliza. Mzee Gamaya alikuwa mbele yao, mkono nyuma ya sikio.

Kelele za maji tu. Nikamwona Afisa analamba midomo. Nami nilikuwa naiona ile baiskeli imeegemezwa kwenye mti.

Halafu ikaja, nyembamba kwanza, kama inatoka ndani ya jabali lenyewe. Wimbo wa kupalilia. Halafu wote wakaingia, na wakaonekana juu kule, mstari wa mashati meupe. Mama mmoja akasema, "Yule wangu!" Mwingine, "Na wangu, anawahi mbele kama kawaida yake." Walikuwa wanawachagua watoto wao kwa masikio kama mtu anavyochagua ndama wake zizini. Mkono wa Mzee ulibaki nyuma ya sikio. Alingoja. Wimbo ulipofika pale panapotaka sauti moja ipande peke yake, ikapanda sauti ya kukwaruza, mbaya kweli, ya kupendeza kuliko zote nilizowahi kusikia.

Mzee akashusha mkono. Watu wote wakamwangalia yeye ajibu. Mwalimu Suzana alikuwa amesimama ng'ambo, pembeni ya watoto, anaonekana kabisa. Mzee akageuka nyuma akanitafuta kwa macho.

"Mama Kulwa," akasema, "mwambie mkwe wangu tumesikia. Walale."

Nikashuka mpaka maji yakanigusa vidole. Nikajaza kifua. "Mwalimuuu! Baba anasema wamesikia! Mlale!"

Wimbo ukakatika, zikaja kelele za kushangilia. Kisha sauti ya Mwalimu Suzana ikavuka, wazi, kila mtu aliisikia: "Mayuuu! Mwambie baba, wabeja!"

Mzee Gamaya alikuwa amesimama bega kwa bega nami. Hakuchezesha hata uso. Alingoja mpaka nikageuka nikamwambia, "Baba, Mwalimu anashukuru." Ndipo akatabasamu, akachukua baiskeli yake, akaenda nyumbani.

Sasa Bariadi ni makao ya mkoa, mtoni kuna daraja, kila mwalimu ana simu. Nimesikia kanuni ile mmeifuta kwenye mapitio ya juzi. Ni sawa, Bwana Sayi angekuwa wa kwanza kushika kalamu nyekundu. Mimi nimeiandika hapa ili mjue ilipita kwa nani.

Na kama nimekosea, mnisahihishe. Labda wimbo haukuwa wa kupalilia, labda Debora alikaa dirishani na si mezani. Diwani Luhende, shemeji, kama ulitania jambo jingine, sema. Lakini zaidi nakuomba wewe, Mwalimu Suzana, popote ulipo: lile la nyundo nililipeleka kama ulivyolisema, au kuna neno nililiacha njiani? Mzee ameshatangulia, siwezi tena kumpelekea. Niambie mimi, nilitie hapa mahali pake.